Kudurusu Kuanzie Darasani

Wiki chache zilizopita nilialikwa kuketi nyuma ya darasa moja katika kijiji cha Silanga, mtaani Kibera, hatua chache kutoka Bwawa la Nairobi. Shule yenyewe ni ndogo, ya kuta za mabati, mojawapo ya zile shule za jamii ambazo ndizo tegemeo la wazazi wengi wa mtaa huo. Mwalimu, kijana mwenye bidii isiyo na shaka, alikuwa akifundisha uchafuzi wa maji. Alisoma kutoka kitabuni kwa Kiingereza, polepole, na wanafunzi wakanukuu neno kwa neno. Kwa muda wa nusu saa hapakusikika sauti nyingine ila yake na mkwaruzo wa kalamu. Kengele ilipolia, alikifunga kitabu akatamka maneno ambayo kila mmoja wetu aliyepitia shule za nchi hii anayafahamu vyema: "Nendeni mkasome. Jumatatu kuna jaribio."

Nilibaki nyuma nikamwuliza msichana mmoja wa gredi ya nane jinsi atakavyosoma. Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jinsi anavyopumua. "Nitasoma tena na tena, mwalimu, mpaka ikae kichwani," akajibu kwa adabu. Nikamwuliza, je, isipokaa? Akasema, "Basi nitarudia tena."

Jibu hilo halijaniondoka moyoni. Msichana yule si mvivu. Ameagizwa afanye kazi, naye yuko tayari kuifanya hadi usiku wa manane. Hata hivyo, tangu aanze shule hadi leo, hakuna mtu aliyewahi kuketi naye akamwonyesha namna ya kuifanya. Sisi walimu tunafundisha sayansi, historia, hisabati na lugha, kisha tunamwagiza mtoto akasome, tukidhani kwamba kujua kusoma ni jambo linaloota lenyewe kama nyasi za mvua. Dai langu katika makala haya ni kwamba mbinu za kusoma ni somo, na kama masomo mengine yote, zinapaswa kufundishwa darasani, saa za darasa, na mwalimu wa kila somo.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini darasani? Si mtoto ana nyumbani kwao? Anayeuliza hivyo na aje Silanga jioni. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha takriban futi 10 kwa 10. Humo ndimo mnamopikwa, mnamolaliwa, mnamopokelewa wageni na mnamolelewa mtoto mchanga. Kuta ni za mabati au udongo, kwa hiyo redio ya jirani ni redio yako, na ugomvi wa jirani ni ugomvi wako. Stima hupotea bila taarifa. Msichana wa miaka 13 hufika nyumbani akachote maji, apike, awaoshe wadogo zake, kisha afungue daftari wakati macho yamekwisha kuwa mazito. Kumwambia mtoto huyo kwamba ufundi wa kujisomea ataupata mwenyewe nyumbani ni kumpa shamba bila jembe. Mtoto wa mtaa wa kitajiri, mwenye meza yake, taa yake na mzazi aliyehitimu chuo kikuu, huenda akaupata ufundi huo hata mwalimu akinyamaza. Mtoto wa Silanga, kama hakuupata darasani, hana pengine pa kuupatia.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu, naomba ruhusa ya msomaji nitue kidogo katika maneno, maana lugha yetu inajua jambo hili kuliko tunavyolijua sisi. Neno "kudurusu", ambalo walimu hulitumia kwa maana ya kurudia masomo kabla ya mtihani, limetokana na mzizi mmoja wa Kiarabu na neno "darasa". Madrasa nayo ni ya ukoo huo huo. Yaani, kwa asili, darasa ni mahali pa kudurusu. Sisi tumewatenganisha ndugu hawa: darasa tumelifanya mahali pa kupokea imla, na kudurusu tumekufukuza kukaende kujitafutia makao gizani.

Tazama pia neno "kujifunza". Ndani yake mna kiambishi cha kujirejelea. Anayejifunza anajifanyia mwenyewe tendo la kufunza, yaani amekuwa mwalimu wa nafsi yake. Lakini nani awezaye kuwa mwalimu wa nafsi yake kabla ya kuona jinsi mwalimu anavyofanya kazi? Katika vibanda vya Kibera wamo maseremala na mafundi wa vyuma wengi. Hakuna fundi hata mmoja anayemkabidhi mwanagenzi randa na mbao, kisha akamwambia, "Nenda ukarande, Jumatatu nitakupima." Fundi huishika randa mwenyewe, huirandisha polepole mwanagenzi akitazama, humwachia ajaribu, humsahihisha mkono. Ni ajabu kwamba fundi wa kando ya barabara anaijua kanuni hii ilhali sisi wenye shahada tumeisahau.

Nami sisemi haya kama mtu aliyesimama juu ya mlima. Nilisoma katika mfumo wa 8-4-4, na nilikuwa miongoni mwa waliosifiwa kwa bidii. Katika shule yangu ya sekondari tuliamka alfajiri na kulala usiku, tukikariri madaftari mazima kwa sauti kama wanaosali. Nilifaulu. Nilipofika chuo kikuu, katika muhula wa kwanza nilipewa kitabu kimoja na swali moja lisilokuwa na jibu la moja kwa moja kitabuni. Nilikisoma kitabu kile mara tatu toka jalada hadi jalada, nikapiga mistari chini ya karibu kila sentensi, na katika mtihani nikaanguka. Sikuanguka kwa uvivu. Nilianguka kwa sababu nilijua njia moja tu ya kusoma, na njia hiyo haikufika nilikotakiwa kwenda. Leo, kila mwaka, nawaona wanafunzi wapya wakiingia katika ukumbi wangu wa mihadhara na mzigo ule ule niliobeba. Wananukuu hadi mzaha wangu.

Hebu sasa tuutazame ushahidi. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi alichosahau kadiri muda ulivyopita. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya aliyokariri ilipotea katika saa ya kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yalikuwa na faida kuliko yaliyorundikwa pamoja. Wahenga wetu walilijua hilo bila maabara waliposema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kamba haiukati mwamba usiku mmoja wa kuamkia mtihani.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ambayo kila mwalimu angefaa kuyabandika mlangoni. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja tu, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika yote linayokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha bila kutazama walikumbuka kiasi cha asilimia 61, na wale waliosoma tena na tena wakakumbuka asilimia 40. La kutisha zaidi ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba wangekumbuka. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua, bila kumpa ujuzi wenyewe. Yule msichana wa Silanga, aliyeniambia atasoma tena na tena, amechagua njia ngumu yenye mavuno haba, na sisi tumemwacha aichague.

Wala mbinu bora si siri mpya. Mwaka 1946 Mmarekani Francis Robinson alieleza katika kitabu chake utaratibu wa hatua tano: kupitia sura kwa haraka kuona vichwa vyake, kujiuliza maswali, kusoma ili kuyajibu, kufunga kitabu na kusimulia, kisha kurudia baadaye. Miaka 80 imepita. Ni walimu wangapi wa mitaala yetu waliowahi kutumia kipindi kimoja kuwaonyesha wanafunzi hatua hizo?

Jambo la kusikitisha ni kwamba silaha tunayo mikononi. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, ufupisho umetengewa alama 15. Mwalimu wa Kiswahili huwafunza wanafunzi kutafuta hoja kuu, kuacha mifano na marudio, na kuandika kwa maneno yao wenyewe. Huo ndio moyo wa kusoma! Lakini kengele ikilia, akaingia mwalimu wa historia, wanafunzi wale wale huchukua kalamu na kunukuu imla ya kurasa tatu, kana kwamba ufupisho ni tabia ya Kiswahili peke yake. Tumelifanya chombo cha kujifunzia kuwa swali la mtihani. Ni sawa na mtu aliyenunua ufunguo akauning'iniza ukutani kama pambo, huku yeye akilala nje ya mlango.

Isitoshe, suala la lugha haliepukiki. Watoto wa Silanga hutoka katika nyumba za Kiluhya, Kijaluo, Kikamba, Kinubi na nyinginezo. Wakiwa njiani huzungumza Kiswahili na Sheng. Na kuanzia gredi ya nne hufundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mtoto asiyeelewa sentensi ya Kiingereza hana njia ila kuikariri ilivyo. Kwake sentensi hiyo ni kama zile silabi zisizo na maana za Ebbinghaus, nayo humtoka kichwani kwa kasi ile ile. Tunapomwambia, "Eleza kwa maneno yako mwenyewe," tukumbuke kwamba maneno yake mwenyewe ni ya Kiswahili. Kwa nini asiruhusiwe kumweleza jirani yake kwa Kiswahili aliyoyasoma kwa Kiingereza, kisha wote wawili wakatafuta namna ya kuyasema kwa Kiingereza? Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto aliyesikika akisema lugha nyingine alivishwa kipande cha mbao shingoni. Nilikivaa mara nyingi. Hakikunifunza Kiingereza, kilinifunza kunyamaza, na anayenyamaza hasahihishwi.

Baada ya kusema hayo, ni haki niseme lifanyike nini. Sitaji vitabu vipya wala kompyuta, kwa maana nawajua ninaowaandikia. Nataja mambo manne ambayo mwalimu aweza kuyaanza kesho kwa chaki yake ile ile.

Kwanza, kila kipindi kianze kwa dakika 5 za kukumbuka. Madaftari yafungwe. Kila mwanafunzi aandike mambo matatu anayoyakumbuka kutokana na kipindi kilichopita, na jambo moja la wiki iliyopita. Zoezi hili lisitolewe alama, wala anayekosa asichapwe wala kuchekwa. Shabaha yake ni kuizoeza akili kuyatafuta yaliyomo, na kosa linaloonekana mapema hurekebishwa mapema.

Pili, mwalimu asome mbele ya wanafunzi kwa kufikiri kwa sauti. Achukue aya moja aseme, "Kichwa hiki chaniambia nitarajie sababu. Sababu ya kwanza naiona hapa. Neno hili silijui, lakini sentensi inayofuata yanieleza." Hapo ndipo fundi anapomwonyesha mwanagenzi randa inavyoshikwa. Wanafunzi wengi hawajapata kuona akili ya msomaji hodari ikifanya kazi. Wameona matunda yake tu.

Tatu, imla ipunguzwe. Badala ya kusomewa kurasa tatu, wanafunzi wasomewe au waandikiwe ubaoni aya moja, wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayoiweza, kisha waandike sentensi tatu za muhtasari. Madaftari yatakuwa membamba. Mkaguzi akiuliza, ajibiwe kwamba unene wa daftari si kipimo cha elimu.

Nne, darasa litengeneze ratiba ya marudio pamoja, kabla ya kengele ya mwisho ya Ijumaa. Kila mmoja aandike ni mada gani ataigusa siku gani, kwa dakika 15 tu, na wapi. Mwenye kelele nyumbani apange kubaki shuleni kidogo ikiwa ni salama, au kwenda kwa mwenzake, au kuamka mapema mtaa ukiwa umetulia. Kupanga ni ufundi nao, na haufundishiki kwa kukemea.

Mwalimu yule wa Silanga, tulipozungumza baadaye, hakunificha shaka zake. "Daktari," aliniambia, "hayo ni mazuri, lakini nina wanafunzi zaidi ya 60 na vitabu visivyofika 15. Silabasi inanikimbiza, na mzazi akiona daftari tupu ananijia juu." Sina haki ya kuyapuuza maneno yake. Mimi hufundisha nikiwa na kipaza sauti na kiyoyozi. Yeye hufundisha mvua ikigonga mabati hata asijisikie. Hata hivyo, nilimjibu kwamba mbinu hizi zinamfaa mwenye vitabu vichache kuliko mwenye vitabu vingi. Kufunga kitabu na kukumbuka hakuhitaji kitabu kwa kila mtoto. Kuhusu silabasi, nilimwuliza ni sehemu gani ya aliyofundisha muhula uliopita ambayo wanafunzi wangeweza kuieleza siku ile. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Hilo swali ni baya." Silabasi iliyomalizwa na mwalimu peke yake haijamalizwa.

Tulipata onyo kubwa tusilolizingatia. Mwezi Machi mwaka 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Vipindi vilirushwa kwa redio na televisheni, na wenye uwezo wakafundishwa kwa simu na kompyuta. Mengi yalisemwa juu ya wasio na vifaa, na ilikuwa haki kusemwa. Lakini wako pia waliokuwa na vitabu mkononi na muda wa kutosha, wasijue la kufanya navyo, kwa sababu mwalimu hakuwapo kuwasomea imla. Miezi ile ilitupima sisi, si watoto, nasi tulionekana kwamba tumewalea wanafunzi wasioweza kutembea bila kushikwa mkono.

Wala dawa si masomo ya ziada. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizoni, na bado kuna wanaotafuta mianya. Saa za ziada za imla ni imla zaidi tu. Mtoto akila chakula kisichomeng'enywa, humsaidii kwa kumwongezea sahani ya pili.

Wakuu wa elimu nao wana deni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataja kujifunza namna ya kujifunza kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliokuwa wakiulaumu mtihani huo kwa kila kosa sasa hawana kisingizio. Lakini umilisi huo hautapatikana kwa kuandikwa tu katika jedwali la andalio la somo. Vyuo vya ualimu, pamoja na idara za elimu za vyuo vikuu kama ninamofundisha, havina budi kumpa kila mwalimu mwanafunzi mazoezi ya kufundisha mbinu hizi ndani ya somo lake, na kumpima kwazo. Mwalimu hawezi kutoa asichopewa.

Nanyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili, pengine ubaoni au likiwa limefungiwa sukari, msingoje waraka kutoka wizarani. Leo usiku, soma ukurasa mmoja mara moja, kwa makini. Ufunge. Andika unayoyakumbuka. Fungua, uone ulichokosa. Rudia kesho kutwa, kisha wiki ijayo. Mara ya kwanza utajiona mjinga, kwa maana utakumbuka machache. Vumilia. Ugumu huo ndio dalili kwamba akili inafanya kazi.

Kabla sijaondoka Silanga siku ile, mwalimu aliniruhusu kutumia dakika 10 za mwisho. Niliwaomba wanafunzi wafunge madaftari yao na waandike, kwa lugha yoyote, sababu za uchafuzi wa maji. Kwa muda hakuna aliyeandika. Nyuso zote ziliinama kana kwamba nimewatukana. Kisha yule msichana wa gredi ya nane akaanza, na wengine wakamfuata. Nilipopita nyuma yake nikaona hakuandika hata sentensi moja ya kitabuni. Aliandika kwa Kiswahili juu ya mitaro inayotiririka kupita karibu na mlango wao, taka zinazotupwa humo usiku, na magugu yaliyolifunika Bwawa la Nairobi hata maji yasionekane. Kisha, bila kuambiwa, akaanza kuandika yale yale kwa Kiingereza, akikwama, akifuta, akiendelea.

Nusu saa nzima alikuwa amenukuu habari za bwawa analoliona kila siku bila kujua kwamba ndilo linalozungumziwa. Dakika 10 zilitosha kumjulisha. Walimu wenzangu, tuwape watoto hawa dakika hizo 10 kila siku, darasani, tukiwa nao, kabla hatujawaambia waende wakasome.